Mzee Alisema "Tulivuka"

Sitadanganya: nilijiandikisha kozi ya historia kwa sababu ya feni. Kituo cha kompyuta kilichoko upande wetu wa Kakuma kina sola, kina feni mbili juu, na mtu haruhusiwi kukaa mle ndani kama hana kozi. Kozi za uhasibu na za kompyuta zilikuwa zimejaa. Iliyobaki ilikuwa historia ya dunia kuanzia mwaka 1300 mpaka leo, wiki kumi na mbili, kutoka chuo kimoja cha ng'ambo ambacho sitakitaja jina kwa sababu mbele nitakilalamikia kidogo. Nikasema sawa, historia basi. Kule Fizi nilisoma historia ya shule, wafalme na tarehe, na sikuipenda. Lakini feni ni feni, na aliyekaa Turkana mwezi wa pili ananielewa.

Masomo yenyewe yalikuja hivi. Jumatatu mhadhara unafunguka kwenye mtandao, video nne au tano. Kuziangalia moja kwa moja haiwezekani, mtandao unakatika mwalimu akiwa amefungua mdomo. Kwa hiyo kijana wa kituo anazipakua usiku, anatugawia kwa flashi, na sisi tunaangalia nyumbani kwa simu, watu watatu kichwa kimoja. Kusoma kurasa ni kwa simu pia. Bando ya usiku ni nafuu, ndiyo maana darasa letu lilikuwa darasa la wanga: ukipita saa nane usiku unaona mwanga mdogo kwenye nyumba za mabati, unajua huyo yuko kwenye Vita vya Napoleon.

Kukusanya kazi kulikuwa na vituko vyake. Chuo kiliandika kwamba mwisho ni dakika moja kabla ya saa sita usiku. Wiki ya kwanza tulikimbizana kama watu wanaowahi basi, kumbe saa sita yao ni saa moja yetu ya asubuhi. Tulikuwa na usiku mzima. Hakuna aliyetuambia.

Sasa historia yenyewe. Wiki za mwanzo zilinishika kwa jambo ambalo sikulitarajia: nilikutana na Kiswahili. Mwalimu alikuwa akieleza jinsi dunia ilivyoungana kwa biashara kabla ya Wazungu kuzunguka Afrika, na mmoja wa mashahidi wake alikuwa Ibn Battuta, yule msafiri wa Tangier, ambaye mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa na akaandika alichokiona. Nikasimamisha video. Nikarudisha nyuma. Kilwa! Mji ambao babu zetu wa bara hawakuufika, lakini lugha ya pwani ile ndiyo niliyoitumia kumnunulia mtoto maziwa asubuhi ile.

Lugha hiyo ilitufikiaje sisi wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika? Hapo furaha inapungua. Ilikuja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kutoka pwani mpaka Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Manyema na Kasongo, kwa watu kama Hamed bin Muhammed, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip. Huyo mtu aliandika maisha yake kwa Kiswahili, na wasomi wanayasoma mpaka leo. Wale waliofungwa minyororo katika misafara yake hawakuandika. Mwalimu alitaja jambo hilo kwa sekunde kama ishirini hivi, akaendelea na mada nyingine. Mimi nilibaki nalo wiki nzima. Lugha ninayoipenda kuliko zote ilipita njia ile ile.

Kazi ya kwanza ya kuandika ilikuwa kuchagua dai moja linalorudiwarudiwa na kutafuta lilikotoka. Sikwenda mbali. Ukiuliza intaneti maana ya jina Kakuma, utajibiwa, tena mara nyingi, kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya pasipo popote, mahali ambapo si mahali. Nimeliona kwenye makala za magazeti ya nje, nimeliona kwenye taarifa za wageni wanaotutembelea. Jamani, sisi tunasema Kiswahili. Wakongomani, Warundi, Wakenya, wote tuko hapa. Nani amewahi kusikia neno hilo? Niliuliza mwalimu mwenzangu wa Kenya, akacheka. Niliuliza mama wa Kiturukana anayetuuzia makaa, akasema kwao Kakuma ni Kakuma, jina la mahali, watu walikuwa wakiishi na kuchunga hapa kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992. Nikaandika kwamba dai hilo halina mzungumzaji. Mmoja alinakili, mwingine akanakili kutoka kwake, na linaendelea kwa sababu linapendeza: wakimbizi wanakaa Pasipopopote, kichwa cha habari kimeshapatikana. Kazi ile nilipata alama nzuri. Nawaomba ndugu zetu wa mashirika, mkiandika ripoti, sentensi hiyo iacheni.

Kusoma kwa mbali nako si jambo jipya, ingawa wageni wakija kituoni wanapiga picha kama vile limezaliwa jana. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa mbali tangu 1858. Wafungwa wa Robben Island walisoma kwa barua, na Mandela alimaliza shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, UNISA, mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Jirani zetu Tanzania wana Chuo Kikuu Huria tangu miaka ya 1990. Wenzetu wale walingoja barua wiki na wiki. Nikikumbuka hilo, video ikikatika situkani sana. Natukana kidogo tu.

Halafu tukafika Vita Kuu ya Pili, na hapo ndipo nilipopata kitu cha kupeleka bombani. Mnajua foleni ya maji ilivyo, habari zote zinapita pale. Nikawaambia akina mama: jamani, Wazungu nao walikuwa wakimbizi, tena hapa hapa kwetu Afrika Mashariki, kwenye kambi. Wakacheka mpaka mmoja akamwaga ndoo.

Lakini ni kweli. Mwaka 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwatoa kwa nguvu Wapolandi wengi makwao na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Baadaye wakaachiliwa, wakashuka mpaka Irani, na kuanzia 1942 maelfu yao, wengi wanawake na watoto, wakaletwa na Waingereza mpaka Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu kama 5,000. Nyingine zilikuwa Uganda, Koja na Masindi. Walijenga shule, walilima bustani, walizika wafu wao. Makaburi yao yako Tengeru mpaka leo, na kanisa walilolijenga Nyabyeya, huko Masindi, bado limesimama. Vita ilipokwisha wengi hawakuwa na pa kurudi kwa sababu maeneo ya kwao yalikuwa yamechukuliwa, kwa hiyo wakangoja nchi ya tatu iwapokee, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia.

Niliposema "nchi ya tatu" kicheko kikakatika. Mama mmoja wa Kisudan Kusini, aliyekuwa akitafsiriwa na binti yake, aliuliza swali moja tu: walingoja miaka mingapi? Nikasema wengine sita, wengine nane. Akafikiri. Akasema, "Basi wao walikuwa na haraka." Yeye yuko hapa tangu binti hajazaliwa, na binti sasa ana mtoto.

Nilimsimulia pia mfanyakazi mmoja wa shirika, kijana mzuri kutoka Ulaya, ambaye kazi yake ni mambo ya wakimbizi. Hakujua. Simlaumu, na mimi nisingejua bila ile feni.

Wiki ya tisa ikaja kazi kubwa: mhoji mtu mmoja aliyeishi tukio la historia, linganisha anayosema na yaliyoandikwa. Nilijua nitakwenda kwa nani. Kwenye bloku yetu kuna mzee kutoka pwani ya ziwa, kati ya Baraka na Kibamba, ambaye siku moja nilimsikia akiwaambia vijana kwamba alimwona Che Guevara kwa macho yake. Vijana hawakumsikiliza. Walikuwa wanaangalia mpira.

Nilikwenda na daftari na simu ya kurekodi. Nikamsalimia, tukazungumza habari za magoti yake, nikamweleza shida yangu. Alipoona simu akakunja uso.

"Mwalimu, hii maneno unaandika ni ya nani? Ni ya kesi?"

Nikasema hapana baba, ni ya masomo. Hakuamini. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni wenye karatasi zake zote, kuanzia manifesto mpaka barua za miadi, akaniwekea mbele. Alidhani nataka kulinganisha.

Nilirudi nyumbani nimeshindwa, na usiku ule ndipo nilipoelewa kwa nini. Sisi hapa tumehojiwa. Kila mtu mzima katika kambi hii amesimulia maisha yake mbele ya meza, kwa mkalimani, mara tatu, mara tano. Ulitoka lini? Nani alikuwa nawe? Ilikuwa asubuhi au jioni? Na unajua kwamba ukisema Machi leo na mwaka juzi ulisema Aprili, swali linarudi, na sura ya anayeuliza inabadilika. Kwa hiyo mtu anajifunza hadithi yake kwa moyo kama shairi, na haigusi tena. Maswali yangu ya historia yalikuwa maswali yale yale: nani, wapi, lini. Nilikuwa nimemletea mzee mahojiano ya sita.

Safari ya pili niliacha simu nyumbani. Nilipeleka karanga. Nikamwambia, baba, leo usiniambie mwaka wowote. Niambie kilichoanza, halafu kilichofuata.

Akaongea saa tatu.

Kwanza, alisema, walikuja Simba. Kaka yake mkubwa akaenda nao Uvira, akapewa dawa ya maji ili risasi zisimpate, na hakurudi. Halafu wakaja wageni kutoka ng'ambo ya ziwa, usiku, kwa mtumbwi wa mashine. "Batu weusi kama sisi, lakini ukimusalimia hajibu. Tukasema labda ni mabubu." Watoto walikuwa wakiwafuata kuwaangalia. Walikuwa na mzungu mmoja, mwenye ndevu na kifua kibovu, akikohoa na kuvuta pumzi kwa shida, aliyewafungua watu vidonda na kuwapa vidonge. Walimwita Tatu. Mama yake mzee alipelekwa kwake kwa homa. Halafu zikaja ndege. Halafu yakaja maboti na askari wazungu, Baraka ikaanguka, na baba yake akawapakia wote kwenye mtumbwi, na mbuzi mmoja.

Nikaenda kutafuta yaliyoandikwa. Uasi wa Simba uliichukua Uvira mwezi wa tano 1964. Che Guevara alivuka kutoka Kigoma mpaka Kibamba mwezi wa nne 1965 pamoja na Wakuba wa kwanza, ambao karibu wote walikuwa weusi kwa kuchaguliwa makusudi. Walijificha chini ya namba za Kiswahili: kiongozi mweusi, Víctor Dreke, alikuwa Moja, wa pili Mbili, na Che mwenyewe Tatu. Alikuwa daktari, na alikuwa na pumu tangu utotoni. Ndege zilizowapiga zilirushwa na Wakuba pia, wale waliomkimbia Castro na kuajiriwa na Wamarekani, kwa hiyo Mkuba alikuwa akimpiga Mkuba juu ya mihogo yetu. Askari wa kukodiwa wa Mike Hoare walishuka Baraka mwishoni mwa mwezi wa tisa 1965, na mwezi wa kumi na moja Che alivuka kurudi Kigoma. Alikwenda Dar es Salaam, akajifungia kwenye ubalozi wa Kuba, akaandika kitabu kuhusu miezi ile, na ndani yake hakuficha kwamba walishindwa.

Kwa upande wa mfuatano, mzee hakukosea hata hatua moja. Simba, wageni, ndege, maboti, mtumbwi. Alikosea mwaka tu: kwake yote yalikuwa 1964, kwa sababu 1964 ndio mwaka kaka yake alikufa, na kila kilichofuata kimeshikamana na kifo kile.

Nikaandika hivyo. Kazi ikarudi na maneno ya msahihishaji, ambaye simjui sura: shahidi huyu si wa kutegemewa, amekosea tarehe, tafuta mwingine. Hapo ndipo lalamiko langu. Wiki mbili kabla, kozi hiyo hiyo ilitufundisha kwamba kumbukumbu ina mpangilio wake na kosa lenyewe linaweza kuwa ushahidi. Nilimjibu kwa ukurasa mzima. Nilimwuliza pia kama vitabu vinavyomtaja Kabila vinakubaliana ni siku ngapi alikaa mstari wa mbele mwezi wa saba 1965, maana mzee alisema walimwona mara moja tu, akacheka, akasema, "Yeye alipenda Kigoma." Na Che mwenyewe alilalamika maandishini kwamba Kabila haonekani. Mashahidi wawili wasiojuana, mmoja kamanda, mmoja mtoto ambaye meno yake ya ukubwani hayajaisha kuota, wanasema kitu kimoja. Alama zikapandishwa kidogo. Msamaha sikuombwa.

Lakini lililobaki kichwani mwangu si hilo. Ni neno moja. Nilipokuwa nikiandika upya maneno ya mzee, niliona kwamba mimi nimeandika mara kwa mara "walikimbilia Tanganyika", na yeye hakusema hivyo hata mara moja. Nikarudi kwake na karatasi kumsomea. Nilipofika pale alinyoosha mkono kunisimamisha.

"Hapana. Tulivuka."

Nikamwambia, baba, si mlikuwa mnakimbia vita?

"Vita tulikimbia, ndiyo. Lakini ziwa tulivuka. Dada ya baba yangu alikuwa ameolewa ng'ambo. Tulifika kwake, tukapewa shamba. Nani alituita mukimbizi? Hakuna. Ziwa haikuwa mpaka, ilikuwa njia. Mukimbizi nimekuwa mwaka wa tisini na sita, siku ile walinipatia karatasi."

Kwa 1996 hakukosea mwaka. Upo kwenye karatasi.

Nilikwenda kusoma mikataba, maana tulikuwa nayo kwenye wiki ya kumi. Mkataba wa Geneva wa 1951 ulimhesabu mkimbizi kwa matukio yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na nchi ziliruhusiwa kusema ni matukio ya Ulaya tu. Uliandikwa kwa ajili ya watu kama wale Wapolandi wa Tengeru. Itifaki iliyoondoa mpaka huo wa tarehe ni ya 1967. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ambao ndio uliowaingiza waziwazi watu wanaokimbia vita na machafuko na siyo tu anayewindwa mwenyewe, ulitiwa saini Addis Ababa mwaka 1969. Mtumbwi wa baba yake mzee wetu ulifika ng'ambo mwaka 1965. Kwa hiyo ukisoma mkataba wa 1951 ulivyoandikwa, mzee ana haki: siku ile hakuwa mkimbizi. Alikuwa mtoto aliyekwenda kwa shangazi na mbuzi mmoja.

Sisemi karatasi ni mbaya. Bila karatasi hatupati mgao, na shangazi mwenye shamba la ziada siku hizi hayuko. Nasema tu kwamba nilikuwa nimeandika historia ya mtu kwa neno ambalo lilikuwa halijamfikia, na nililiandika bila kufikiri kwa sababu mimi nimezaliwa nalo. Kazi ya mwisho nilibadilisha kichwa. Msahihishaji safari hii hakusema kitu kuhusu tarehe.

Cheti kilifika kwa barua pepe, nikakichapisha kituoni kwa shilingi ishirini. Mzee yeye alitaka nakala ya kazi, si cheti. Nilimpa kurasa kumi na moja. Hasomi Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria kwa sauti jioni mbili, na safari hii wale vijana wa mpira walikuwa wamekaa. Alipomaliza kusikiliza alizikunja, akauchukua ule mfuko wa nailoni, akafikiri kidogo, halafu akaurudisha mfuko ndani na kurasa zangu akazichomeka kwenye Biblia. Akaniambia nirudi Alhamisi, na safari hii nije na simu, iwe na chaji ya kutosha, kwa sababu ya tisini na sita bado hajaniambia.